Kiingereza cha kila siku kimo kwenye maneno madogo

Nilimaliza shule nikiwa na Kiingereza cha kufaulia mitihani. Barua rasmi nilijua kuiandika, ufupisho niliuweza, na kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda ya kutendwa ilikuwa kazi nyepesi. Maneno kama "nevertheless", "approximately" na "postpone" nilikuwa nayo tele. Kisha nikaajiriwa kupokea simu za wateja, wengi wao watu waliozaliwa wakizungumza Kiingereza, na hapo nikakutana na lugha nyingine. Maneno yangu makubwa sikuyasikia kabisa. Wateja walitumia mafupi mafupi, ambayo moja moja nilikuwa nayafahamu tangu utotoni: "get", "put", "up", "off", "out", "take", "on". Yakishashikana yanazaa maana ambayo huikuti katika neno lolote kati yake.

Mteja mmoja alinieleza shida yake kwa sentensi ambayo niliinakili pale pale pembeni ya karatasi: "I've been putting it off, but it keeps going off at night and I can't put up with it any more." Alikuwa anazungumzia kifaa cha kutahadharisha moshi. Hakuna neno hata moja humo la kumpeleka mtu kwenye kamusi. Lakini "put off" ni kuahirisha, "go off" ni kulia ghafla, na "put up with" ni kuvumilia. Alichoniambia ni kwamba amekuwa akiliahirisha jambo hilo, ila king'ora kinalia kila mara usiku na uvumilivu umemwishia. Sasa liangalie hilo "go off" peke yake. King'ora kikifanya hivyo kinalia, taa ikifanya hivyo inazimika, chakula kikifanya hivyo kimeharibika. Na mtu akisema "I'm off" anakuaga.

Ninaandika haya kwa yeyote aliye katika hali hiyo: amesoma Kiingereza miaka mingi, akishika gazeti anaelewa, lakini watu wawili wakianza kuongea mbele yake habari zinampita. Mtu huyo ana Kiingereza cha karatasi; cha mdomoni hakuna aliyewahi kumfundisha.

Sababu yake ina historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya watawala, ya mahakama na ya wenye vyeo, huku Kilatini kikishikwa na kanisa na wasomi. Watu wa kawaida waliendelea na Kiingereza chao. Lugha hizo zilipochanganyika, mambo mengi yakabaki na majina mawili: "begin" na "commence", "ask" na "inquire", "buy" na "purchase", "help" na "assist". La kwanza ni la nyumbani, la pili ni la ofisini na la vitabuni. Shuleni tunasukumwa kwenye safu ya pili, maana ndiyo inayoonekana ya kisomi. Tena kwetu sisi safu hiyo ni rahisi zaidi. "Postpone" ni neno moja lenye maana moja, na Kiswahili kinalo la kuliweka sambamba: ahirisha. "Put off" halina pa kuliweka.

Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755, aliliona hilo mapema. Katika utangulizi wake aliandika kwamba mtindo huu wa kugeuza maana ya kitenzi kwa kukiongezea kijineno nyuma yake ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Nilipoisoma habari hiyo nilifarijika sana. Mzigo wangu ulikuwa umeshajulikana zaidi ya miaka 250 iliyopita, na aliyeutaja alikuwa mmoja wa watu walioijua lugha hiyo kwa kina kabisa katika zama zake.

Njia ya kuubeba alinionyesha dada mmoja mzoefu aliyekuwa akikaa meza ya jirani. Siku moja, simu zilipotulia, nilimwuliza:

"Dada, hivi hili 'take' lina maana ngapi? Naandika, na bado zinaongezeka."

"Mdogo wangu, na 'piga' lina maana ngapi?"

Nikaanza kuzitaja, nikakwama. Akaendelea: "Unaona? Wewe hujawahi kukaa chini ukajifunza maana za 'piga'. Ulisikia watu wanasema 'piga pasi', ukaichukua nzima kama ilivyo. Na hili lichukue hivyo hivyo."

Nililiwazia jambo hilo jioni yote. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, magoti, hodi, kura, chafya na hatua, wala hakuna anayeumia. Hakuna aliyetueleza kwa nini nguo hupigwa pasi ilhali maji hayapigwi moto bali huchemshwa. Tuliyapokea maneno yakiwa tayari yameshikana, na leo mgeni akisema "ninafanya simu" tunaelewa anachotaka, ila sikio linagutuka. Kiingereza nacho kina mapatano yake. Simu ni "make a call", picha ni "take a picture", hatua ni "take a step", uamuzi ni "make a decision". Mvua kubwa ni "heavy rain", lakini upepo mkali ni "strong wind". Ukiuliza kwa nini, huenda jibu lisipatikane. Ukiuliza nani anafuatana na nani, jibu lipo, na unaweza kulikariri.

Kumbe wataalamu walikuwa wamelifanyia kazi jambo hili zamani. Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Kabla yake, katika miaka ya 1930, Harold Palmer na A. S. Hornby walikuwa Japani wakifundisha Kiingereza, na huko ndiko walikokusanya kwa bidii maneno yanayozoeana, kwa sababu waliona wanafunzi wao wanakwama hapo. Kamusi aliyoiongoza Hornby ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na mwaka 1948 Oxford ikaitoa tena. Ilitungwa kwa ajili ya mtu anayejifunza, na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani kamusi nyingi za Kiingereza zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya wenyeji.

Tofauti hiyo naiona kila siku. Kamusi ya wenyeji inaeleza neno jepesi kwa maneno mazito. Kamusi ya wanaojifunza inafanya kinyume: ile ya Longman iliyotoka mwaka 1978 ilieleza maneno yake yote kwa msamiati wa takribani maneno 2,000 tu, na ile iliyotoka mwaka 1987 chini ya John Sinclair, mwanaisimu wa Birmingham, ikaanza kueleza kwa sentensi kamili, ili msomaji alione neno likiwa kazini. Kama unatumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake, endelea nayo, lakini ongeza moja ya hizi. Ya lugha mbili inakupa maana. Hii ya pili inakupa mazingira, na katika Kiingereza cha kila siku mazingira ndiyo maana yenyewe.

Tangu hapo nikabadilisha daftari langu. Sikuandika tena neno upande huu na tafsiri upande ule. Niliandika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, nani alimwambia nani, na kilichotokea baadaye. Halafu chini yake nikaandika jinsi mimi mwenyewe ningesema katika hali hiyo hiyo kwa Kiswahili, bila kujali kama maneno yanalingana.

Kurasa zake zikawa namna hii. "Never mind": mwenzangu alikuwa ananitafutia faili, nikaliona mwenyewe, kwetu ni "basi, acha tu". "It's up to you": nimeulizwa tuanze na lipi, nikarudishiwa uamuzi; kwetu ni "wewe tu". "Fair enough": mteja nimemweleza kwa nini kitu hakiwezekani, hakufurahi, ila ameipokea hoja, kwetu ni "haya, nimekuelewa". "No wonder": sababu imejulikana na mambo yote yamekaa sawa, kwetu ni "ndiyo maana!" "You might as well": umeshafika mpaka hapa, kumalizia hakutakugharimu; kwetu ni "si umalizie tu". Kifungu kimoja kilinichukua muda mrefu, nacho ni "it turns out". Nilijua maana yake kwa ufafanuzi, lakini kilikaa kichwani siku nilipoandika chini yake neno moja tu: kumbe. "It turns out he was right" ni "kumbe alikuwa sahihi". Basi. Sikuwahi kukisahau tena.

Katika simu nilikuta hazina ya pekee, na ningemshauri yeyote anayeanza kazi ya namna hii aishike mapema. "Hang on" ni "subiri kidogo". "Bear with me" ni hilo hilo kwa adabu zaidi, unamwomba mtu awe na subira wakati unatafuta. "I'll put you through" ni "nakuunganisha na mwingine". "You're breaking up" humaanisha sauti yako inakatikakatika. "We got cut off" ni simu imekatika. "I didn't catch that" ni "sijakusikia vizuri", na inakubalika zaidi kuliko "What?", ambayo kwa mtu usiyemjua husikika kama ukali. "I'll get back to you" ni ahadi kwamba utarudi na jibu. Vifungu hivi vichache vinajirudia siku nzima, na ukivimiliki hofu ya simu inapungua, kwa sababu hata mambo yakiharibika unayo ya kusema.

Kwa upande wa wingi wa maneno, takwimu mbili zilinisaidia kupanga nguvu zangu. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno takribani 2,000 yenye matumizi mapana zaidi katika Kiingereza, na ingawa orodha mpya zimetungwa baadaye, wazo limebaki: kundi dogo la maneno linabeba sehemu kubwa ya kila tunachosikia. Kisha Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili uelewe maneno 98 katika kila 100 ya mazungumzo, unahitaji kati ya familia 6,000 na 7,000 za maneno. Familia hapa ni neno pamoja na ndugu zake, kwa mfano "help", "helpful", "helpless". Kwa hiyo safari ni ndefu, sikatai. Lakini kwa maoni yangu mwanafunzi aliyezijua zile 2,000 za kwanza kwa undani, na tabia zao zote, atazungumza vizuri kuliko aliyekusanya 6,000 kwa juu juu. "Get" peke yake inastahili wiki kadhaa: "get up", "get on", "get over", "get along", "get away with", "get it", "get there", "get used to".

Kukumbuka ni kazi nyingine. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Mwaka 1972 mwenzake wa Kijerumani, Sebastian Leitner, akaeneza njia ya kadi zilizogawanywa katika visanduku: unachokijua kinasogea kwenye kisanduku cha mbali na kurudiwa kwa nadra, usichokijua kinarudi cha mbele na kurudiwa mara kwa mara. Programu nyingi za simu za kujifunzia maneno zimejengwa juu ya wazo hilo. Nami natumia moja, ila kadi zangu huwa ni sentensi zenye pengo, si neno lililo peke yake. Upande mmoja naandika "I can't ___ up ___ the noise", na lazima nitamke sentensi yote kwa sauti kabla ya kugeuza. Kusoma kimya hakutoshi. Mdomo nao unahitaji mazoezi yake.

Hapo ndipo nifike kwenye sauti, jambo ambalo naliona ndilo linalowatesa wengi wetu na ndilo linalofundishwa kidogo kuliko yote. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa sikio. Kila irabu inatamkwa wazi, na mkazo unajulikana ulipo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinachagua silabi chache za kuzikazia na zilizobaki kinazibana. Irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha hiyo ni ile fupi, dhaifu, isiyo a wala e, inayosikika mwanzoni mwa "about" na mwishoni mwa "teacher", na haina herufi yake maalumu. Vijineno kama "to", "of", "can", "have", "them" vyote hubanwa humo. Ndiyo maana "What are you going to do?" inakufikia kama "wochagonadu", na "I should have told him" kama "aishudatoldim". Maneno yote unayajua. Yamepita tu bila kujitambulisha.

Zoezi lililonisaidia ni dogo na linachosha, lakini linazaa matunda. Chukua mazungumzo yaliyorekodiwa pamoja na maandishi yake, usizidishe nusu dakika. Sikiliza bila kuangalia maandishi, uandike unachosikia kwa tahajia ya Kiswahili kabisa, hata kama ni "wochagonadu". Rudia mpaka usipate jipya. Kisha fungua maandishi halisi, uone sauti uliyoiandika ilitoka wapi. Mwisho sema pamoja na msemaji, kwa kasi yake, ukibana anapobana. Hatua ya tahajia ya Kiswahili watu huipuuza wakidhani ni ya kitoto. Mimi naiona ndiyo kiini cha zoezi, kwa sababu inalilazimisha sikio kupokea kilichosemwa, na si kile ambacho jicho lilizoea kukiona.

Mfano mmoja wa karibu ni "can" na "can't". Wamarekani wengi hawaitamki ile t ya mwisho kwa uwazi, hivyo ukiisubiri t utakosa. Tofauti imo kwenye mkazo. Anayesema anaweza huibana "can" na kukazia kitenzi: "I kən DO it", ambapo ə ni alama ya ile irabu fupi, dhaifu. Anayesema hawezi huikazia "can't" yenyewe. Nilipojua hilo, simu zangu zikawa nyepesi mno, kwa maana katika kazi yetu kuweza na kutoweza ndiyo tofauti ya mteja kuondoka ameridhika au la.

Kuna pia namna za kujibu ambazo Kiswahili na Kiingereza zimeachana njia. Tukiulizwa "Hujapata ujumbe?" na kweli hatujaupata, wengi wetu tunajibu "Ndiyo, sijaupata", yaani ulivyosema ndivyo ilivyo. Mwingereza hujibu "No, I haven't", kwa sababu yeye anaangalia jambo lenyewe, si kauli ya muulizaji. "Yes" yako peke yake ataielewa kwamba umeupata. Dawa ni kutojibu kwa neno moja: malizia na kitenzi, na utata unaondoka. Vivyo hivyo "Do you mind if I sit here?" Anayeruhusu hujibu "No, not at all" au "Go ahead", maana ameulizwa kama inamkera. Na mtu ukimkaribisha aongezewe kitu akasema "I'm good, thanks", amekataa kwa upole. Mwingereza akikuuliza "You all right?" akipita, mara nyingi anakusalimia tu, na "Yeah, you?" inatosha. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika mwaka 1923 juu ya maneno ya aina hii, ambayo kazi yake ni kuunganisha watu kuliko kupashana habari. Sisi wenye salamu ndefu tunalielewa hilo vizuri kuliko wengi. Tunachohitaji ni kujua tu kwamba na kwao lipo, ila kwa maneno machache.

"Pole" nayo inahitaji uangalifu. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema pole, na tukitafuta neno la Kiingereza tunalikuta "sorry". Mwenyeji anaweza kushangaa na kusema "It's not your fault", kwa sababu ameisikia kama kuomba radhi. Huruma ile ile huko imegawanywa kulingana na tukio: aliyejikwaa huambiwa "Are you OK?", aliyefiwa "I'm so sorry for your loss", aliyechoka kwa kazi "You must be exhausted", aliyekosa alichokitaka "That's a shame". Moyo ni mmoja, kauli ni nyingi. Napenda kuzifundisha kauli hizi kwa wanaonijia kuuliza, kwa sababu Mswahili anaumia asipoweza kumpa mtu pole.

Adabu ya kuomba nayo ilinichukua muda kuielewa. Kwetu kuna "naomba", na kitenzi kikiishia na e tayari kimelainika: unisaidie, unipe, uniandikie. Kiingereza hakitumii kitenzi cha kuomba kwa namna hiyo katika mazungumzo ya kawaida. Ulaini wake umo kwenye "could" na "would", na katika kurudisha kitenzi kwenye wakati uliopita japokuwa jambo ni la sasa hivi. "I was wondering if you could send it again" si habari ya jana. Ni ombi la sasa, lililosogezwa mbali ili lisimwelemee anayeombwa. "Please" pekee haitoshi. "Send it again, please" bado ni amri, ingawa ina adabu.

Kuhusu misemo yenye picha, ile inayojaa kwenye orodha za "misemo 100 ya kujua", kama "It's raining cats and dogs", ushauri wangu ni kuielewa ukiisoma na kutojipa shida ya kuitumia. Katika muda wote niliokaa kwenye simu sijamsikia mteja akiitamka hiyo. "It's pouring" nimeisikia mara nyingi. Tofauti za Uingereza na Marekani nazo, "lift" na "elevator", "queue" na "line", zinajifunza zenyewe kadiri unavyokutana nazo. Moja tu ya kuishika mapema ni "first floor": Marekani ni ghorofa ya chini kabisa, Uingereza ni ile iliyo juu yake.

Siku hizi nguvu zangu nimezielekeza kwenye mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja. Mtu mmoja kwenye simu anakusubiri. Watu watano kwenye mkutano hawasubiri. Hapo unahitaji vijineno vya kushikilia zamu yako wakati kichwa kinatafuta neno: "well", "I mean", "let me think", "how shall I put it". Ukikaa kimya zamu imechukuliwa. Wako walimu wanaokataza vijineno hivi wakiviita uchafu wa lugha. Mimi siwaungi mkono, kwani hata Kiswahili chetu kina "yaani", "sasa", "unajua", "eti", na bila hivyo tungesikika kama tunasoma taarifa. Kurasa mpya za daftari nimezigawa kwa kazi. Za kuingilia kwa heshima zina "Can I just add something?" na "Sorry to jump in". Za kurudisha mada zina "Going back to what you said earlier". Za kukubali nusu zina "I see your point, but" na "That may be true, though". Za kuachia wengine bado ziko tupu kiasi, nina "What do you think?" na "Over to you", na hizo ndizo ninazozisikilizia wiki hii.